Kompyuta Imefutwa, Waifai Haishiki: Tuulize Nini Kwanza?

*Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, watumishi wa ofisi, wanafunzi na mafundi wa kompyuta. Umechapishwa kama ulivyosemwa, pamoja na maneno ya pembeni.*

   

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila fundi hapa analijua. Mtu ameirudisha kompyuta yake katika hali ya kiwandani, au amepigiwa Windows upya. Mashine inawaka haraka, skrini safi, taka zote zimeondoka, lakini kwenye waifai haiingii. Kusudi langu ni kuonyesha kwamba tatizo hili lina mpangilio wake wa maswali, kuanzia ndani ya mashine kwenda nje, na kwamba anayeufuata hulimaliza mara nyingi bila kutoa hata shilingi. Asiyeufuata huifuta mashine mara ya pili, kisha ya tatu, akitumaini kwamba kilichopotea kwa kufuta kitarudi kwa kufuta tena.

Nitasema zaidi habari za Windows 10 na 11, kwa kuwa ndizo zilizojaa maofisini, shuleni, na katika maduka ya kompyuta zilizotumika, kuanzia Kariakoo mpaka Luthuli Avenue kule Nairobi. Wenye Linux na Mac nitawagusa nikipita, wasinune.

Hoja ya kwanza: kila namna ya kufuta huondoa kitu chake

Watu husema "nimeifomati" kana kwamba ni tendo moja. Yako matatu, na fundi mzuri huuliza ni lipi lililofanyika kabla hajagusa kibodi.

La kwanza ni kuirudisha mashine kutoka ndani ya Windows yenyewe, kwa mafaili yaliyomo tayari kwenye diski. Hapo Windows hujijenga upya kwa vipande ilivyo navyo, na kwa kawaida draiva za mashine ile hurudi pamoja nayo. Waifai ikigoma baada ya njia hii, tazama kwanza nenosiri, tarehe na swichi. Draiva iache kwa baadaye. La pili ni kupakua Windows mpya kutoka Microsoft, njia iliyokuja na toleo la Windows 10 la mwaka 2020. Hiyo hula takriban gigabaiti 4, na kwa wengi wetu hilo ni bando la wiki nzima limekwenda kabla hujafungua hata barua pepe moja.

La tatu ndilo la mtaani: flashi ya fundi. Na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapoumia.

Flashi ya Windows hubeba draiva zilizokuwa zikijulikana siku ile Windows hiyo ilipotengenezwa. Windows 10 ilitoka Julai 2015, Windows 11 ikatoka Oktoba 2021, na katikati yametoka matoleo mengi. Fundi aliyeandaa flashi yake mwaka 2019 na kuitumia hadi leo anatembea na Windows isiyojua kadi yoyote iliyozaliwa baada ya hapo. Chukueni mfano wa kadi ya MediaTek MT7921, iliyoenea kwenye laptopu kuanzia mwaka 2021. Flashi ya 2019 haiwezi kuitambua. Matokeo yake ni kinyume na mtu anavyotazamia: laptopu kuukuu ya mwaka 2014 ikipigwa flashi ile inashika waifai palepale, na ile mpya, ya bei kubwa, inabaki bubu. Mwenye mali anaamini ameuziwa kadi mbovu. Anarudi dukani kwa ghadhabu, muuzaji naye anaapa, na wote wawili wanagombania kadi nzima isiyo na kasoro yoyote.

Basi kabla ya lolote, muulize aliyeifuta mashine: umetumia nini, na flashi yako ni ya lini?

Hoja ya pili: ijue mashine kama inajijua

Swali la kwanza la kuiuliza kompyuta yenyewe ni hili: je, inajua kwamba ina kadi ya waifai?

Weka kipanya juu ya nembo ya Windows chini ya skrini, bofya kitufe cha kulia, kisha chagua Device Manager. Itafunguka orodha ya vifaa vyote. Kuna nyuso tatu utakazokutana nazo, na kila uso una maana yake.

Uso wa kwanza: kadi imeorodheshwa kwa jina lake kamili, Intel au Realtek fulani, haina alama yoyote. Draiva ipo. Tatizo liko mbele zaidi, na tutalifikia.

Uso wa pili: hakuna jina la kadi, ila kuna kifaa kisichojulikana chenye pembetatu ya njano na alama ya mshangao. Windows imeona kuna chombo, lakini haina wa kuongea nacho. Draiva, kwa wasiolizoea neno hili, ni programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani kati ya Windows na chombo. Asipokuwepo, pande zote mbili zipo nzima na hazielewani. Fungua sifa za kifaa chochote chenye alama, utaona namba ya kosa. Namba 28 maana yake draiva haijawekwa. Namba 22 maana yake kifaa kimezimwa na mtu, kiwashe tu. Namba 10 maana yake draiva ipo ila kifaa kimeshindwa kuanza. Kwa namba 10, kabla ya kusumbuka sana, zima mashine, chomoa chaji, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha washa tena. Windows za siku hizi zikizimwa kwa njia ya kawaida hazizimiki kabisa, huhifadhi sehemu ya hali yake ili ziwake haraka kesho, na kadi iliyokwama inaweza kubaki imekwama vilevile. Kuanzisha upya kunasafisha zaidi kuliko kuzima. Najua linasikika kama kinyume, lakini ndivyo lilivyo.

Bado tuko kwenye uso wa pili, na kuna hazina moja hapa ambayo mafundi wachache huitumia. Katika sifa za kifaa kile kisicho na jina, nenda kwenye maelezo, chagua kitambulisho cha chombo. Utaona mstari mrefu kama huu: PCI\VEN_14C3&DEV_7961. Msiukimbie. Herufi na namba baada ya VEN ni za kampuni iliyotengeneza kadi, na zile baada ya DEV ni za kadi yenyewe. 8086 ni Intel. 10EC ni Realtek. 14C3 ni MediaTek. 168C ni Qualcomm Atheros. 14E4 ni Broadcom. Kwa hiyo mstari ule niliousoma ni ile MT7921 tuliyoitaja punde. Kadi isiyo na jina imekutajia ukoo wake na jina lake, hata kama Windows haiijui. Andika mstari huo kwenye karatasi. Ndio utakaokuongoza kwenye draiva sahihi, hata kama stika iliyo chini ya laptopu imefutika kwa jasho la magoti. Wenye Linux, amri ya *lspci -nn* inawapa namba zilezile.

Uso wa tatu: hakuna jina, hakuna alama ya njano, hakuna chochote. Hapo fikiria swichi na chuma. Laptopu za zamani za kampuni kadhaa zilikuwa na swichi ndogo ubavuni ya kuzima redio. Nyingine zina kitufe chenye alama ya mnara au ya ndege katika safu ya juu ya kibodi. Kadi inaweza pia kuwa imezimwa katika BIOS, au imechomolewa na fundi wa awali aliyefungua mashine kuongeza RAM akasahau kuirudisha. (Nasikia mafundi mnacheka. Sijamtaja mtu.)

Hoja ya tatu: draiva inafika bila waifai, kwa waya wa simu

Hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa sababu jambo lenyewe linajizunguka: draiva iko kwenye intaneti, na intaneti inataka draiva. Zamani jibu lilikuwa waya wa mtandao, ule wenye kichwa cha plastiki. Laptopu nyingi nyembamba za leo hazina tundu lake.

Jibu liko mfukoni mwenu. Chukua simu ya Android na waya wa USB, ule wa kuhamisha data, usiwe wa kuchaji pekee. Unganisha simu na kompyuta. Kwenye simu nenda kwenye mipangilio ya hotspoti, washa kugawa intaneti kwa USB. Windows ina draiva ya muunganisho huo ndani yake tayari, hivyo haikuulizi chochote. Inaiona simu kama waya wa mtandao. Angalieni vizuri: hotspoti ya kawaida ya simu haitasaidia, kwa sababu inapitia waifai ileile isiyofanya kazi. Njia ni waya. Wenye iPhone wanaweza pia, ila kompyuta huhitaji kwanza programu ya Apple, na hiyo nayo inatoka kwenye intaneti. Kwa hiyo azima Android ya jirani.

Simu ikishika, jitahadhari na bando. Windows iliyofutwa punde ina njaa. Ikipata tu njia, inaanza kuvuta masasisho ya nyuma yote, na hayo ni gigabaiti kadhaa. Fungua mipangilio ya mtandao, chagua muunganisho wako, uuwekee alama kwamba data yake inapimwa. Windows itapunguza pupa. Lakini kuna mtego ambao sijaona ukiandikwa mara nyingi: ukishaweka alama hiyo, Windows huacha pia kupakua draiva zenyewe, mpaka umeiruhusu katika mipangilio ya vifaa. Mimi hushauri usiitegemee Windows katika hatua hii. Nenda mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, ingiza modeli yako kamili, pakua draiva moja tu ya waifai. Ni makumi ya megabaiti, bando la siku linatosha na chenji inabaki. Usipoiona pale, ndipo uingie sehemu ya masasisho ya hiari ndani ya Windows, ambako draiva hukaa zikisubiri mtu azibofye.

Neno moja la ukali. Msitumie programu zinazojitangaza kwamba zitatafuta draiva zote zilizokosekana. Nyingi hubeba matangazo, nyingine huweka draiva za mashine nyingine kabisa, na baadhi hukuomba pesa ukishafika nusu ya safari. Ukiwa na ule mstari wa VEN na DEV huzihitaji.

Kwa waliokwama kabla hata ya kufika kwenye skrini ya kazi: Windows 11 ya toleo la Home, wakati wa kuianzisha, inadai intaneti na akaunti ya Microsoft, na tangu toleo la 22H2 hata Pro kwa matumizi binafsi inadai vivyo hivyo. Kadi ikiwa bubu, skrini inakutazama tu, kitufe cha kuendelea hakibonyezeki. Mafundi wamekuwa wakipita kwa amri ya siri baada ya kubonyeza Shift na F10. Mwaka 2025 Microsoft ilianza kuziba njia hizo katika matoleo ya majaribio, kwa hiyo msizijengee maisha. Simu na waya vinafanya kazi hata katika skrini hiyo.

Hoja ya nne: kadi inaona mitandao ya majirani, wa kwako haiuoni

Hili huwachanganya watu kuliko yote. Draiva imewekwa, orodha ya waifai imefunguka, mitandao ya mtaa mzima ipo, isipokuwa wa nyumbani kwako.

Ruta nyingi leo hutangaza katika masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Kadi nyingi za bei nafuu za miaka ya 2013 hadi 2017, kama Realtek RTL8723BE, husikia 2.4 pekee. Ukiwa umeipa ruta yako jina moja kwa 2.4 na jingine kwa 5, kisha ukazima lile la 2.4 kwa kuwa simu yako mpya hailihitaji, laptopu yenye kadi hiyo haitakaa iuone mtandao wako. Hapo hakuna draiva ya kuokoa, washa 2.4, au nunua kadi ndogo ya USB.

Chanzo cha pili ni chaneli. Katika 2.4 dunia kubwa inatumia chaneli 1 hadi 13, Marekani inatumia 1 hadi 11. Laptopu zilizotumika zinazotufikia kutoka Marekani wakati mwingine zina kadi iliyofungwa kwa kanuni za huko. Ruta ikijichagulia chaneli 12 au 13, kadi haiioni. Ingia kwenye ruta, iweke chaneli 1, 6 au 11, ambazo pia haziingiliani, na mambo yanakwisha.

Cha tatu, hata kama mtandao umeonekana, ni ulinzi. Ruta mpya zinaweza kuwekwa WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018. Draiva ya zamani inayojua WPA2 tu ama haitaweza kuunganika ama itakurudisha kwenye nenosiri hata kama umeliandika sawasawa. Iweke ruta katika hali ya kuchanganya WPA2 na WPA3. Na kwa wanavyuo wanaotumia eduroam, ule mtandao wa waifai wa vyuo: mashine ikifutwa, vyeti na mpangilio wa chuo vimefutika pia. Jina na nenosiri havitoshi. Chukueni upya programu ya mpangilio kutoka kitengo cha TEHAMA cha chuo chenu.

Hoja ya tano: imeunganika, lakini kurasa hazifunguki

Hapa tumetoka kwenye redio, tumeingia kwenye anwani, majina na saa. Fungua dirisha la amri, andika *ipconfig*. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Huenda ruta imejaa. Ruta ndogo za mfukoni nyingi hupokea vifaa 10 tu, na nyumba yenye vijana wanne inafikisha idadi hiyo kabla ya chai. Ondoa simu mbili uone. Ofisini, yawezekana ruta inaruhusu vifaa vilivyoandikishwa pekee. Kabla ya kufutwa ulikuwa umeandikishwa kwa anwani halisi ya kadi. Sasa kama Windows imewashwa kutumia anwani za kubahatisha, ruta haikutambui tena. Izime hiyo kwa mtandao wa ofisi.

Ukiona anwani ya kawaida, mathalani 192.168 na kuendelea, jaribu *ping 8.8.8.8*. Hiyo ni seva ya majina ya Google, ipo tangu 2009. Ikijibu, intaneti ipo. Kisha *ping google.com*. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikagoma, kinachokosekana ni huduma ya kubadili majina kuwa anwani; weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 katika mipangilio ya DNS. Hotelini na mikahawani, ukurasa wa kuingia wakati mwingine hauji wenyewe. Andika anwani yoyote inayoanza na http bila s, utakuja. Na kile kidude cha tufe kinachosema hakuna intaneti kisiwatishe sana. Windows hukiweka baada ya kushindwa kusoma faili moja dogo kwenye seva ya Microsoft lenye maneno machache tu. Wakati mwingine faili hilo limezuiwa na mtandao wa ofisi, na intaneti yenu ni nzima.

Nimeiacha tarehe mwisho, na naomba muisikilize vizuri kuliko vyote katika hoja hii.

Kompyuta zilizotumika nyingi zina betri ndogo ya BIOS iliyochoka, ile ya duara ya CR2032, ya volti 3. Mashine ilipokuwa kazini, Windows ilikuwa ikirekebisha saa kwa intaneti kila mara na hakuna aliyegundua. Sasa imefutwa, imezimwa, imechomolewa chaji. Ikiwaka, inarudi tarehe ya miaka mingi nyuma. Tovuti karibu zote leo hufunguliwa kwa cheti cha usalama chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Vile vya Let's Encrypt, vinavyotumiwa na tovuti nyingi mno, vimekuwa vikiishi siku 90. Kompyuta inayoamini tuko mwaka 2012 inaona kila cheti hakijaanza, inakataa. Google haifunguki, benki haifunguki, akaunti ya Microsoft haikubali, masasisho yanagoma. Mwenyewe anasema waifai mbovu. Waifai imeunganika sawasawa, mawimbi yote yamejaa.

Nimeona mashine za namna hii zikibadilishwa kadi. Kadi mpya ikawekwa, kurasa zikagoma vilevile, kwa sababu hakuna aliyetazama pembe ya chini kulia ya skrini. Betri hiyo hupatikana hata kwenye maduka ya saa. Ukishaibadili, weka tarehe, kisha eneo la saa. Katika orodha ya Windows msitafute Dar es Salaam wala Kampala. Afrika Mashariki yetu imeandikwa humo kwa jina la Nairobi, UTC+03:00.

Kwa wenye Mac naongeza sentensi moja: kwa kuwa Apple hutengeneza mashine na mfumo wake pamoja, draiva haipotei, na kinachobaki kukwamisha Mac iliyofutwa ni tarehe na nenosiri.

Hoja ya sita: inashika na kuachia

Hii ni fupi. Mashine iliyofutwa punde hurudi na mipangilio ya kuokoa umeme, na Windows hujipa ruhusa ya kuzima kadi inapoona kazi imepungua. Katika sifa za kadi, sehemu ya umeme, ondoa alama ya ruhusa hiyo. Kama bado, rudi tovuti ya mtengenezaji uchukue draiva yake badala ya ile ya jumla iliyowekwa na Windows. Kama bado, fungua mashine utazame zile nyaya mbili nyembamba za antena juu ya kadi. Moja ikiwa imebanduka, utapata mawimbi ukiwa umekaa juu ya ruta tu.

Hoja ya saba: kazi kubwa ni kabla ya kufuta

Yote niliyosema ni ya mtu aliyekwisha kufuta. Kwa ambaye hajafuta, kazi ya dakika kumi inamwondolea karibu yote. Chomeka flashi, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, unda folda iitwayo Draiva, kisha andika:

*pnputil /export-driver \* D:\Draiva*

Hapo D ni herufi ya flashi. Ya kwako inaweza kuwa nyingine. Windows itanakili kila draiva isiyo ya kwake mwenyewe, ya waifai ikiwemo. Baada ya kufuta, amri ya kuzirudisha ni hii:

*pnputil /add-driver D:\Draiva\\\*.inf /subdirs /install*

Huna haja ya intaneti, wala simu, wala ya kumjua MediaTek. Majina na maneno ya siri ya waifai nayo yanahifadhika kwa *netsh wlan export profile key=clear folder=D:\\*, ila flashi hiyo itunzwe, maana maneno ya siri yanaandikwa humo waziwazi, yeyote akiifungua anayasoma.

Na ulizeni pia kama kuna haja ya kufuta. Kufuta kumekuwa dawa ya kila kitu mtaani. Kompyuta nzito, futa. Printa haichapi, futa. Kama kilichokuleta ni waifai pekee, Windows ina kitufe cha kuweka upya mtandao tu, kinachoondoa na kusimika upya kadi zote bila kugusa faili wala programu hata moja. Anzeni na hicho. Fundi anayefuta kabla ya kuuliza namba ya kosa anauza muda wa mteja, na huo si wake.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie na yaliyo mbele yetu. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, ambazo mashine nyingi za shule zetu hazina. Kwa hiyo kufuta kutaongezeka: wengine watapiga Windows 11, wengine watahamia Linux, na katika hao wa Linux wenye kadi za Broadcom, namba 14E4, watahitaji draiva mkononi kabla hawajaanza. Kadi za Wi-Fi 7 nazo zimeshaanza kuja, na uwezo wake katika Windows unaanzia toleo la 24H2. Flashi za zamani zitazidi kuwa vipofu.

Napendekeza kila shule na kila maktaba iwe na flashi mbili: moja ya gigabaiti 8 yenye Windows ya karibuni, ipigwe upya kila toleo jipya linapotoka, na nyingine yenye draiva za modeli zote walizo nazo, kila folda ikiandikwa modeli na mstari wake wa VEN na DEV. Nimezungumza na mkutubi aliyetupa ukumbi huu, naye yuko tayari kuanza na kompyuta za hapa. Vijana wa vyuo mlio nyuma, anatafuta wa kumsaidia kuziorodhesha. Majina yachukuliwe mlangoni.

Sasa nakaribisha maswali. Anayesimama atutajie kwanza toleo la Windows yake, ilifutwa kwa njia ipi, na namba ya kosa aliyoiona.